Nafua, napika, nachota maji, halafu anasema sikai

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 41, naishi Nkuhungu hapa Dodoma na mume wangu na watoto wawili. Jambo langu wengi wataliona dogo, lakini hii ni wiki ya tatu silali vizuri.

Nilipoajiriwa mwaka 2008 nilipangiwa kijiji kimoja wilayani Kongwa. Kwetu ni Songea, upande huu sikuwa na ndugu wala jamaa. Nyumba ya mwalimu ilikuwepo kwa jina tu, paa lilishakwenda na upepo. Bibi mmoja mjane akanipa chumba. Nilikaa kwake miaka minne, na kodi aliipokea mwezi wa kwanza tu. Mwezi wa pili alinirudishia, akasema hawezi kula hela ya mtu anayekula naye sahani moja. Jioni tulikaa nje tukibangua karanga, yeye anahadithia mimi nasikiliza. Mwaka wake wa kuzaliwa haujui kwa tarakimu. Anasema alizaliwa mwaka ule Wazungu wa karanga walipoleta matrekta kuja kung'oa mibuyu. Nikampigia hesabu ya ule mradi wa Waingereza wa kulima karanga Kongwa, nikamwambia basi ni 1947. Alicheka, akasema kumbe hata wewe unaweza kunizaa kwa chaki.

Alinisimulia pia habari za kambi ya wapigania uhuru iliyokuwa Kongwa, vijana wa Msumbiji, Afrika Kusini na kwingineko. Yeye alikuwa msichana, akiwauzia maziwa. Kuna mmoja wa Msumbiji alimkopa maziwa ya mwezi mzima. Hadithi hiyo haijawahi kufika mwisho, kila mara kinatokea kitu tunaikatia njiani.

Mwaka 2012 nilihamishiwa mjini. Tuliendelea kupigiana simu, nikawa namtembelea mara mbili au tatu kwa mwaka. Mwaka juzi alianguka kisimani. Hakuvunjika, lakini tangu siku hiyo anatembea kwa fimbo. Macho nayo yanamsumbua, yanatoka machozi kutwa, na ana kibano kidogo anachong'olea kope. Nikajiwekea nadhiri kwamba kila Jumamosi nitakwenda na kurudi.

Natoka nyumbani saa 11 alfajiri. Saa 12 nipo ndani ya Coaster ya Kongwa, tunapita Mbande, tunaingia Kongwa, kutoka hapo boda mpaka kwa Bibi. Saa 3 na nusu nimefika. Nafunga kitenge kiunoni naanza. Nafua mashuka, nachota maji madumu sita, nafagia uwanja, napika chakula cha kutosha mpaka kesho yake, napanga dawa zake za presha. Saa 8 na nusu boda anapiga honi. Nyumbani nafika saa 1 usiku nikiwa vumbi tupu. Kwa nauli, boda, sukari, sabuni na mchele, safari moja haishuki 35,000.

Mume wangu si mkorofi, lakini mwezi uliopita alisema, "Angekuwa mama yako mzazi ningenyamaza." Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo sote wanne tungekuwa nyumbani.

Bibi anaishi uwanja mmoja na mwanawe mkubwa na mke wa huyo mwanawe. Zamani mkwe huyu tulikuwa tunataniana. Sasa nikifika anaitikia salamu kwa mdomo nusu, anaingia zake ndani. Nimesikia kijijini kuna maneno kwamba mwalimu anatafuta shamba. Iliniuma mno, maana mimi shamba hata la kwetu sijalilima. Bibi mwenyewe ndiye ananiamini kuliko wote. Hata bahasha yake yenye kitambulisho na hati ya shamba alinipa nimtunzie huku Dodoma, eti kule mchwa watakula.

Kilichonimaliza ni hiki. Jirani yake mmoja nilikutana naye gulioni akaniambia Bibi analalamika, "Mwalimu siku hizi akija hakai." Hakai! Nafua, napika, nachota maji, mgongo unaniuma mpaka Jumatatu, halafu sikai? Nikimpa pole anasema, "Haya nenda, gari litakuacha," hata kabla saa haijafika. Na akinifungia karanga au mlenda mkavu nibebe, namwambia Bibi jiwekee mwenyewe, huku mjini tunanunua. Sitaki kumpunguzia alicho nacho.

Shangazi, niache kwenda? Nipunguze? Au nimchukue nije kuishi naye Nkuhungu? Hilo la mwisho nilishamgusia, akasema hawezi kufia kwenye nyumba yenye geti.

Mwalimu, Dodoma

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa upande wako wote. Mara ya pili nikafika kwenye ile bahasha nikaweka miwani chini.

Umeitaja kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Hati ya shamba la mama wa mtu, mwenye mwana mkubwa anayelala hatua 20 kutoka mlangoni kwake, ipo kabatini kwako Nkuhungu, na unashangaa maneno yanatoka wapi! Mwanangu, tangu serikali ihamie huku, hakuna pori la mkoa huu ambalo mtu hajaja kulitazama akiwa na gari la kioo cheusi. Watu wameuziana mashamba, wameuziwa ya wenzao, wamezunguka mabaraza mpaka viatu vikaisha. Huyo mwanawe anaona mgeni anakuja kila Jumamosi, hana undugu, hachukui hata karanga, na karatasi imeondoka naye. Wewe ungekuwa yeye ungefikiri nini? Mimi ningefikiri vibaya kuliko yeye.

Kwa hiyo hilo kwanza, na lisingoje mwisho wa mwezi. Zungumza na Bibi faraghani, mweleze kwamba bahasha inakuletea maneno, usimrudishie kwa kumshtukiza akadhani umemchoka. Kisha umkabidhi mwanawe akiwepo, na mkewe akiwepo, na mzee mmoja wa jirani wanayemheshimu. Usiitishe mkutano. Ukiitisha mkutano umekubali kuna kesi. Sema tu, "Bibi alinipa hiki nimtunzie, nakirudisha, hesabuni karatasi." Wakae nayo. Na kuhusu mchwa, kama ni hati ya hakimiliki ya kimila, zile zinazotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kijiji kina masjala yake ya ardhi na kumbukumbu zimo. Mchwa akila ya nyumbani, shamba haliendi. Mnunulie Bibi kisanduku cha bati chenye kufuli, ufunguo avae mwenyewe shingoni. Hiyo ndiyo zawadi ya mwezi huu, sukari ipumzike.

Kitambulisho nacho kirudi kwake hukohuko, nitakwambia kwa nini nikifika kwenye macho.

Sasa huyo mkwe. Umeandika kwamba zamani mlikuwa mnataniana, ukaliacha hapo. Hebu simama kwenye mlango wake Jumamosi saa 4. Wiki nzima yeye ndiye anayempikia mama mkwe, anamtia maji ya kuoga, anamwamsha usiku akikohoa. Hakuna aliyemwandikia barua shangazi yeyote kumsifu. Jumamosi anakuja mwalimu kutoka mjini, anatoa mashuka ndani, anayafua, anayaanika kwenye kamba ambayo kijiji kizima kinaiona. Maana yake nini? Maana yake mkwe hafui. Hukusema, lakini kamba imesema. Unachota madumu sita, maana yake mkwe hachoti. Angekuitikiaje kwa mdomo mzima?

Acha kufua. Ndiyo, acha. Ukifika, kabla hujaingia kwa Bibi, piga hodi kwa wenye uwanja. "Mbukwenyi" yako, hiyo salamu ya Kigogo, iwe ya watu wote wa kaya. Sabuni na sukari mkabidhi mkwe mkononi, wala usipitie kwa Bibi. Mwambie unajua kazi anayoifanya. Kama kuna kitu kizito cha kufanya siku hiyo, muulize yeye, "Nikusaidie wapi?" na mfanye mkiwa wawili. Utani utarudi wenyewe, labda si Jumamosi ya kwanza wala ya pili.

Na hapo ndipo tunafika kwenye lile neno lililokuuma. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe unafika asubuhi na jembe lako tayari begani, unalima mpaka saa 8 na nusu, unaondoka. Bibi hajapata mgeni tangu mwaka juzi! Amepata kibarua. Kibarua mzuri, anayejituma, lakini mtu hazungumzi na kibarua aliyeinama kwenye beseni. Alichokuwa nacho kwako ni ule uwanja wa jioni, karanga katikati, yeye anahadithia. Hicho ndicho anachokitafuta anaposema hukai. Wewe umechukua neno "kukaa" kwa maana ya saa. Yeye anasema makalio kwenye mkeka.

Na hilo la "haya nenda, gari litakuacha", usidhani anakufukuza. Mtu akishajua ataachwa, anapenda aage yeye kwanza.

Nikuambie kisa changu, hakinipi sifa. Miaka hiyo nilikuwa namtembelea mkunga mmoja mzee upande wa Bahi, aliyenizalisha mtoto wangu wa pili. Nikaona analalia ngozi, roho ikaniuma, nikapeleka godoro juu ya basi mpaka konda akanitukana. Nilirudi baada ya miezi miwili nikalikuta limesimamishwa ukutani, nailoni bado haijatoka. Nikauliza mbona hulalii? Akasema lile ni la wageni. Usiku ule nikalala peke yangu kwenye godoro langu mwenyewe, yeye kwenye ngozi yake, na asubuhi alikuwa na furaha kuliko siku zote nilizompelekea vitu. Mwenye nyumba alikuwa amemlaza mgeni pazuri. Ilinichukua muda kuelewa.

Kwa hiyo karanga zichukue. Huyo mama alikataa kodi yako kwa sababu alitaka muwe watu mnaokula sahani moja, sasa wewe unazikataa karanga zake. Umemrudisha kwenye kodi, na anayelipa ni wewe. "Huku mjini tunanunua" ni neno kali, mwanangu, sidhani ulijua. Chukua karanga, chukua mlenda mkavu, umwambie wiki inayofuata kwamba watoto walimaliza sufuria. Hata kama walikunja pua. Wangu walikuwa wanakunja, sasa wameoa na wanapiga simu kuuliza kama upo.

Kuhusu mumeo, sitasema mengi, maana hajakosea. Hajakuzuia, amehesabu Jumamosi. Safari nne kwa mwezi ni 140,000 na siku nne za watoto. Nenda mara mbili, Jumamosi ya kwanza na ya tatu, na Bibi azijue hizo siku ili asikae mlangoni kila wiki akisikiliza pikipiki. Tarehe inayojulikana inamshibisha mzee kuliko ziara nyingi za kushtukiza. Moja ya hizo mbili chukua mumeo na watoto, hata kama si kila mwezi. Nina hakika huyo bwana hajawahi kukaa uwanjani kwa Bibi akapewa kigoda. Akishakaa, "angekuwa mama yako mzazi" hutaisikia tena. Ile hela ya safari mbili ulizopunguza, igawe: nusu ibaki kwako, nusu mtumie mkwe kwa simu mwanzo wa mwezi, kwa jina lake, kwa ajili ya mboga za kaya. Kwa jina lake, narudia.

Na mara mojamoja, likizo za shule, lala. Kwenda na kurudi siku hiyohiyo kunakufanya uwe na jicho kwenye saa tangu unapofika. Ukilala usiku mmoja unapata jioni nzima, na jioni ndiyo ilikuwa yenu. Msimu wa mvua ndio uwe na tahadhari. Kuanzia Desemba mpaka Aprili makorongo yale ambayo sasa hivi ni mchanga mtupu yanaweza kushuka maji kwa saa moja, na boda kijana atakwambia tunapita. Usipite. Kama umechelewa gari la Kongwa, fika Mbande barabara kuu, mabasi yanayotoka Morogoro na Dar yanapita hapo kuja Dodoma. Bora usimame ndani ya basi kuliko ukae ndani ya korongo.

Nimebakiza macho, na hili nililitaka liwe la kwanza ila bahasha ilinizidi nguvu. Mimi si daktari, lakini nimekulia mkoa huu. Mama mtu mzima wa Kongwa, macho yanatoka machozi kutwa, ana kibano cha kung'olea kope. Hicho kibano nimekiona kwa bibi zangu wawili. Hizo ni dalili za vikope, trakoma kwa jina la hospitali, na Kongwa imejulikana kwa ugonjwa huo kiasi kwamba watafiti wa macho walipiga kambi huko tangu miaka ya 1980. Mtu akiugua mara nyingi utotoni, ukope wa juu unapata makovu kwa ndani, unajikunja, kope zinageukia jichoni na kukwaruza kila anapopepesa. Kung'oa kunampa nafuu ya siku chache, kisha zinaota tena. Na kile kioo cha jicho kikishapata kovu, kuona hakurudi.

Habari njema ni kwamba kuna upasuaji mdogo wa kuugeuza ukope urudi mahali pake. Unafanywa kwa ganzi na kwa kawaida mtu anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Inawezekana pia ana mtoto wa jicho pamoja na vikope, umri wake unaruhusu, na hilo nalo lina tiba yake. Anzeni hospitali ya wilaya, muulizie mtaalamu wa macho. Wakiwaelekeza mbele, Hospitali ya Mvumi watu wa Dodoma wanaijua kwa macho tangu zamani. Bibi ana miaka 78 au zaidi kidogo kwa hesabu yako ya matrekta, na kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 mzee ni kuanzia miaka 60. Halmashauri zimekuwa zikiwapa wazee wasiojiweza vitambulisho vya kutibiwa bila malipo, kwa hiyo mwanawe apite kwa mtendaji wa kijiji aulize Bibi kama ameandikishwa. Sasa umeona kwa nini kitambulisho chake hakitakiwi kukaa Nkuhungu? Mgonjwa yupo dirishani, jina lake lipo kabatini kwako kilomita 80 na kitu kutoka hapo.

Siku ya hospitali mwende watatu, wewe, Bibi na mkwe, na mkwe ndiye ashike kadi.

Kumhamishia Dodoma, hapana. Ameshakujibu, na jibu lake la geti limenichekesha mpaka jirani akauliza. Ana uwanja wake, ana watu wanaomsalimia wakipita, ana kaburi la mumewe hapo. Nkuhungu atakuwa na televisheni.

Basi, Jumamosi ijayo nenda na bahasha na kisanduku. Ukishamaliza ya bahasha, na maji akiyachota anayeyachota siku zote, kaa chini kwenye mkeka, omba ungo wa karanga, umuulize yule kijana wa Msumbiji wa maziwa ya mwezi mzima alilipa au hakulipa. Ukipata jibu niandikie, maana na mimi nimebaki nalo.